Kijani, Lakini Kijani Gani?

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, kabla karo haijanizidi, mwalimu wetu wa jiografia alituwekea ukutani picha ya Mlima Kenya iliyopigwa na setilaiti. Ilikuwa imepakwa rangi na kompyuta. Kijani kilichokolea, akasema, maana yake uoto mzuri. Njano, mambo si mazuri sana. Nyekundu, kuna shida. Kila mmoja wetu akaanza kutafuta ushago kwake, kama vile watu hufanya wakipewa ramani yoyote.

Mimi nilitafuta kijiji kimoja juu ya Manyatta, Embu, karibu na msitu wa Irangi. Ndiko anakoishi cucu, mama ya mama yangu. Nikakiona. Kilikuwa kijani kibichi, karibu sawa na msitu wenyewe ulio juu yake. Kwa mujibu wa setilaiti, kwetu tuko sawa kabisa.

Sikuinua mkono. Lakini nilijua vitu ambavyo ile picha haikujua. Nilijua kile kijani cha kwetu ni majani chai, migomba, na safu za mukima kwenye mipaka ya mashamba, mti ambao asili yake ni Australia. Nilijua msitu ambao cucu aliukuta pale akiwa msichana uliondoka kabla mama yangu hajazaliwa. Na nilijua safu moja nzima ya mukima haipo tena, kwa sababu ndiyo iliyolipa karo yangu ya mwaka wa kwanza.

Chuo chenyewe sikumaliza. Deni lilikua, mtihani mmoja nikazuiwa mlangoni, na muhula uliofuata sikurudi. Ile picha ndiyo iliyobaki nami. Nimekuwa nikiisoma historia ya ule mteremko kidogo kidogo tangu siku hiyo, kwenye maktaba, kwenye ripoti, na jikoni kwa cucu, na kila nikirudi kwenye picha nauliza swali lile lile: sawa, ni kijani. Lakini kijani gani?

Wacha kwanza niieleze ile rangi, maana haina uchawi. Jani bichi linakula mwanga mwekundu na kuurudisha ule wa infraredi ambao jicho letu halioni. Setilaiti inapima huo mwanga wa aina mbili, kompyuta inapiga hesabu, inatoka namba kati ya hasi moja na moja. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo majani yalivyo mengi na yenye afya. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972, kwa hivyo kumbukumbu ya aina hii ina miaka hamsini na kitu tu. Cucu ana kumbukumbu ndefu kuliko Landsat. Tena yeye anajua majina ya miti.

Sasa fikiria mteremko wenyewe. Ukiuona mashariki na kusini mwa Mlima Kenya kutoka juu kushuka, ni kama ngazi. Juu kabisa, mita 5,199, kuna mawe na mabaki ya barafu. Chini yake nyika ya baridi yenye nyasi na mimea mikubwa ya ajabu. Halafu mianzi. Halafu msitu mzito wenye kamfa, ambayo watu wa huku wanaiita muthaiti, na muuru, mti ambao duniani kote unapatikana kwa asili karibu tu na mlima huu. Ukitoka msituni unakanyaga chai. Chini ya chai, kahawa na makadamia. Chini ya kahawa, mahindi na maharagwe. Ukiendelea unafika Mbeere na Tharaka, ambako jua linachoma, miti ni ya miiba, na mvua ikikosa hakuna mzaha. Mwisho kabisa, Mto Tana na mabwawa yake ya umeme. Mat ikikupitisha kutoka kwa cucu hadi Kiritiri, umevuka karibu hali zote za hewa za Kenya kabla ya chakula cha mchana.

Hiyo ngazi haikuumbwa ikiwa imekamilika. Nusu yake iliumbwa na mvua na mwinuko. Nusu nyingine iliamuliwa na watu, na mara nyingi walioamua si wale wanaoishi pale.

Tusijidanganye kwamba kabla ya mzungu watu walikuwa wanatembea msituni bila kukata hata fito. Wazee wa Meru husimulia kwamba walitoka Mbwaa, kisiwa ambacho mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi yao, alikihusisha na Manda, kule Lamu. Walisafiri vizazi na vizazi mpaka wakaufikia mlima, na walipofika walifanya kile mkulima yeyote hufanya. Walifyeka na kuchoma. Msitu wa zamani ulishuka chini zaidi ya ulipo leo, na uliliwa kutoka chini kwenda juu, kizazi baada ya kizazi.

Tofauti ni kwamba walikuwa na sehemu wasizogusa. Karibu na Runyenjes kuna kichaka cha Mwenendega, ambapo Waembu husema ndipo watu wao walipoanzia. Nchiru, Meru, ndipo ilipo nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo neno lake lilikuwa sheria kabla ya sheria hizi tunazozijua. Mugumo haukukatwa ovyo. Cucu, ambaye ni mtu wa kanisa tangu ujana wake, bado akipita chini ya mugumo hupunguza sauti. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Mume wangu," maana ndivyo cucu wa kwetu huwaita wajukuu wao wa kiume, "mtu haongei kwa kelele kwenye nyumba ya wenyewe."

Waingereza waliivamia Embu mwaka 1906. Mwaka 1908 wakaweka boma Meru, chini ya afisa aliyeitwa E. B. Horne, ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi. Walikuja na kitu ambacho mlima haukuwa nacho: mstari. Mpaka wa msitu wa zamani ulikuwa ukisogea, na mtu angeweza kuingia kuchukua asali, dawa, kuni na malisho wakati wa kiangazi, kwa taratibu za ukoo wake. Mstari mpya ulichorwa kwenye karatasi. Mwaka 1932 msitu wa Mlima Kenya ukatangazwa kuwa hifadhi ya serikali. Aliyekuwa ndani ya mstari na shoka akawa mwizi, hata kama babu yake alizikwa pale.

Lakini usidhani serikali ilizuia shoka lisifanye kazi. Ilichagua tu nani alishike. Miti ya asili ilipasuliwa mbao, na mahali pake pakapandwa misonobari na misaiprasi, miti ya kigeni inayokua upesi na kunyooka. Kazi ya kupanda ilifanywa kwa mpango ambao ulianza Kenya mnamo 1910 na mpaka leo unaitwa mfumo wa shamba. Mtu anapewa kipande cha msitu uliokatwa, analima mahindi na viazi kwa miaka michache, huku akitunza miche ya serikali katikati ya mahindi yake. Miche ikimzidi kimo, anahama. Ni mpango wa akili, ukisimamiwa. Na ni mlango mpana wa wizi usiposimamiwa. Kumbuka hilo, litarudi.

Halafu ikaja 1952. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba mwaka huo, na msitu ukawa uwanja wa vita. Wapiganaji wa Mau Mau waliishi humo miaka. Mwaka 1953 serikali ikatangaza misitu ya Mlima Kenya na Aberdare kuwa maeneo marufuku, na yeyote aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Ndege za kivita aina ya Lincoln ziliangusha mabomu juu ya miti. Musa Mwariama, jemadari wa Meru, alitoka msituni Desemba 1963, nchi ikiwa imeshapata uhuru.

Ili kuwatenga wapiganaji na watu waliowapa chakula, serikali ilichimbisha handaki kwenye ukingo wa msitu, upande wa kusini wa mlima. Lilikuwa na urefu wa maili 50, kama kilomita 80. Ndani walisimika mianzi iliyochongwa ncha na seng'enge. Hakuna aliyelipwa. Lilichimbwa na wanakijiji kwa amri, wanaume waliobaki, wanawake, na watoto wakubwa kiasi cha kushika jembe.

Cucu alikuwa mmoja wa hao watoto. Haongei sana juu ya hilo. Ninachokijua ni vipande. Walitoka alfajiri na kurudi jioni. Mtu mzima akisimama ndani ya handaki, kichwa hakikuonekana. Kabla ya kuchimba walifyeka ukanda mpana kando ya msitu ili askari waone vizuri, na ile miti mikubwa ilianguka siku nzima. "Tulikuwa tunafurahi ikianguka," aliniambia mara moja. "Kwa sababu ikianguka, askari walituacha tupumzike kidogo."

Sijawahi kusoma sentensi kama hiyo kwenye ripoti yoyote ya misitu. Mtoto anafurahi mti ukianguka, kwa sababu mti umempa dakika tano za kukaa chini. Tunapowaambia wazee wa huku kwamba walikosa mapenzi na miti, tuanzie hapo.

Vita viliacha kitu kingine ambacho kipo mpaka leo. Mwaka 1954 watu walihamishwa kwa nguvu na kurundikwa kwenye vijiji. Mwaka huo huo ukaja mpango wa Roger Swynnerton, afisa wa kilimo, wa kuunganisha vipande vya ardhi, kuvipima, kutoa hati miliki, na kuwaruhusu Waafrika kulima mazao ya biashara kwa wingi. Embu na Meru hazikuanzia sifuri. Pamoja na Kisii, zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambapo Waafrika waliruhusiwa kujaribu kahawa miaka ya 1930, tena chini ya masharti makali, moja ya sababu ikiwa ni kwamba ziko mbali na mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya Swynnerton, kahawa ikamwagika kwenye mteremko. Uhuru ulipokuja, chai nayo ikapanda kuelekea msituni.

Hati miliki ilibadilisha mti. Zamani mti uliosimama kwenye ardhi ya ukoo ulikuwa na wenyewe wengi. Sasa ukawa na mwenyewe mmoja, na mpaka wa shamba ukahitaji alama ambayo jirani hawezi kuisogeza usiku. Hapo ndipo mukima ulipopata kazi. Unakua haraka, hausumbui kahawa sana, unaupogoa kuni bila kuuua, na baada ya miaka kadhaa unatoa mbao. Babu yangu alipanda safu tatu. Kila mtu alipanda.

Na hapa hadithi inakataa kuwa rahisi. Sisi tumelelewa na wimbo mmoja: watu wameongezeka, miti imeisha. Nje ya msitu, kwenye mashamba ya nyanda za juu za Kenya, miti iliongezeka pamoja na watu. Mwaka 1994 jarida la Ambio lilichapisha utafiti wa Peter Holmgren na wenzake uliohesabu miti kwenye mashamba ya Kenya, na waligundua kwamba miti ya kupandwa ilikuwa ikiongezeka kwa kasi kuliko watu wenyewe. Simama Embu mjini utazame juu. Utaona miti kila mahali. Lakini mingi ni ya aina moja, imesimama kwenye mistari, na kila mmoja una bei kichwani mwa mwenyewe. Huo ni kijani cha kwanza ambacho setilaiti haiwezi kukisema jina: kijani cha akiba, benki ya maskini. Mtoto akipata barua ya chuo, benki inafunguliwa kwa msumeno.

Wakati nje ya mstari miti inapandwa, ndani ya mstari ilikuwa inaisha. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Kanda za Chai za Nyayo, ukanda wa majani chai kuzunguka misitu ili uwe ngome dhidi ya wavamizi. Ili kupanda hiyo ngome, ilibidi kwanza msitu wa ukingoni ufyekwe. Mwaka 1987 mfumo wa shamba ukapigwa marufuku kwa amri ya rais. Mwaka 1994 ukarudishwa kwa jina jingine. Mwaka 2003 ukapigwa marufuku tena. Baadaye, chini ya Sheria ya Misitu ya 2005, ukarudi kwa jina la tatu. Kila mara sababu ni ile ile: watu wakiingia, wengine hawapandi miche, au wanapanda na kuikata mizizi ili wasihame. Watu wakitolewa, hakuna wa kutunza miche, na anayebaki msituni ni yule mwenye lori na rafiki ofisini.

Kipindi kibaya zaidi kilikuwa miaka ya 1990. Meru kuna msitu wa Imenti, ambao sehemu yake ya juu inagusana na mji wenyewe. Sehemu ya chini, Lower Imenti, ilivamiwa na kufyekwa, ikawa mashamba ya mahindi, na njia ya ndovu ikakatika. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liliuzunguka mlima mzima kwa ndege ndogo likihesabu uharibifu. Walihesabu zaidi ya miti 6,700 ya kamfa iliyokatwa, tanuri za makaa kwa mamia, na mashamba ya bangi katikati ya msitu uliolindwa na sheria. Kwa miaka yote hiyo mtu aliyetazama mlima kutoka barabarani aliona msitu. Miti mikubwa ilikuwa inatolewa mmoja mmoja kutoka ndani, kama mtu anayekula katikati ya mkate na kuacha ganda.

Hicho ni kijani cha pili, kijani cha ganda. Setilaiti ya kawaida ikipita juu ya msitu uliopunguzwa, vichaka na mizabibu ya mwitu vimeshajaza nafasi, na namba inasoma vizuri.

Ile ripoti ilizua kelele, na kelele zilisaidia. Mwaka 2000 msitu wote wa Mlima Kenya uliwekwa chini ya Shirika la Wanyamapori, na uchunguzi wa angani uliorudiwa 2002 ulikuta ukataji umepungua sana. Waliovamia Imenti waliondolewa na miti ikaanza kurudi. Kwa hivyo si kweli kwamba hakuna linalowezekana. Linawezekana. Swali ni kwa nini tunangoja mpaka mtu ahesabu visiki elfu sita.

Sasa tushuke chini, maana mjadala wa Mlima Kenya huishia kwenye chai, na Mbeere na Tharaka husahaulika. Huko upimaji wa ardhi ulifika baadaye, miaka ya 1970. Ardhi ya ukoo ambayo watu walilisha mbuzi, kukata kuni na kutundika mizinga bila kuulizana sana iligawanywa, na wenye macho ya mbele na jamaa ofisini walipata zaidi. Mti uliokuwa wa wote ukawa gunia la makaa la mtu mmoja. Ukikaa Nairobi na umewahi kununua makaa ya mkebe, kuna uwezekano mzuri umechoma kipande cha ukambani au cha Mbeere. Mimi nimechoma.

Kisha kuna muguka. Ni kichaka cha jamii ya miraa, kinavumilia ukame, na kimejaza Mbeere kwa sababu kinaleta pesa kila wiki mahali ambapo mahindi huleta pesa mwaka mmoja kati ya mitatu. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilijaribu kukizuia, na Embu ikawaka. Mimi sina hamu ya kuhubiri juu ya muguka hapa. Nasema tu kwamba kutoka angani unang'aa. Ni kijani cha tatu, na familia nyingi zinakula kutoka humo.

Na huko chini ndiko Tana inapozibwa. Kindaruma ilianza 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mvua inayoanguka kwenye shamba lililolimwa vibaya juu kule inashuka na udongo wake na kulala ndani ya Masinga. Udongo hauondoki. Nafasi yake ni nafasi ambayo maji hayapati. Mwaka 2009, ukame ulipokaza, mtambo wa Masinga ulizimwa kwa sababu maji yalishuka mno, na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Watu wa Nairobi waliilaumu kampuni ya umeme. Mto ulikuwa na mambo yake ya kusema pia.

Tumefika kwenye hali ya hewa, na nimeiacha mwisho makusudi. Siku hizi ni rahisi kuipa kila lawama, na wakubwa wanaipenda sana lawama hiyo kwa sababu haina jina la mtu. Lakini ipo. Kule juu, barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza asilimia 90 hivi ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Hiyo si kazi ya mtu wa makaa wa Irangi. Machi 2012 moto uliunguza sehemu kubwa ya nyika ya juu kwa siku kadhaa. Moto kama huo mara nyingi huwashwa na mtu, lakini ni ukame unaoufungulia njia. Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 maeneo makavu ya Kenya yalikosa misimu mitano ya mvua mfululizo. Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja El Niño, na mvua ikanyesha mpaka ikawa msiba.

Ukizitazama picha za miaka hiyo, Mbeere na Tharaka zinageuka njano na kijani kama taa za barabarani. Mvua ikija, kijani. Ikikosa, njano. Huko chini rangi inaifuata mvua mwaka kwa mwaka. Juu kwa cucu haibadiliki sana, kwa sababu mlima bado unavuta mvua yake. Juu, kinachobadilisha uoto ni maamuzi: mstari wa 1932, handaki, hati, chai, marufuku, lori. Kwa hivyo mtu akikuuliza ni hali ya hewa au ni binadamu, mwulize kwanza amesimama ngazi ya ngapi. Na umwambie ngazi hazijatengana, maana aliyekosa mvua chini hupanda juu kutafuta kibarua, na udongo wa juu huteremka kumfuata.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza sikukuu ya kupanda miti. Lengo la taifa ni miti bilioni 15 kufikia 2032, na miti ifunike asilimia 30 ya nchi. Hesabu ya 2021 ilisema tuko asilimia 12.13. Nilikuwa ushago siku hiyo. Miezi minne kabla, mwezi Julai, marufuku ya kukata miti iliyowekwa 2018 ilikuwa imeondolewa. Watu hawakuona ajabu. Huku wamezoea kuambiwa pandeni na kateni na mkono ule ule.

Tulipewa miche. Ilikuwa mukima, yote. Nikaipanda kwenye ile safu iliyolipa karo yangu, nikiwa na aibu kidogo, maana cheti ambacho ile miti ilikatwa kukinunua sikukileta nyumbani.

Jioni mjomba alileta habari nyingine. Kwenye kona ya shamba, pale mteremko unaposhuka kwenda mtoni, kuna muuru mmoja mkubwa. Ulikuwepo kabla ya handaki. Babu aliuacha alipopanda kahawa, na hakuna anayejua sababu. Mjomba alisema kuna fundi ameuangalia na ametaja bei. Pesa zingetosha kufuta deni langu chuoni na kubaki. Alisema bila ubaya, kama mtu anayekupa zawadi. Ningeweza kurudi, nimalize, nitoke na karatasi.

Nilifikiria ile picha ukutani. Tukiuangusha muuru, mwezi ule ule mihindi ya kando na magugu yangejaza kivuli chake. Setilaiti isingeona kitu. Kijani kingebaki pale pale.

Cucu alikuwa kimya muda mrefu akichambua maharagwe. Kisha akasema kwamba shamba ni la mjomba siku hizi na pesa ni pesa, yeye hana neno. "Ila huo sitaki kuusikia ukianguka," akasema. "Nilisikia mingi."

Hatujaukata, mpaka sasa. Siwezi kusema hautakatwa, deni bado lipo na mjomba ana watoto wake pia. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kupanda mat ya kurudi Nairobi, nilikwenda chini yake na kijiko cha cucu. Miche huota yenyewe kivulini, midogo, ni rahisi kuikanyaga usijue. Nilitoa kumi na udongo wake nikaipanda kwenye mikebe ya maziwa. Saba ilikufa. Mitatu ipo kwenye mpaka wa juu, upande wa msitu, hatua chache kutoka mahali ambapo, ukijua pa kutazama, ardhi bado ina bonde jembamba lililojaa magugu. Ndilo handaki. Mrefu kuliko wote unanifika magotini.